Kuiangalia Saratani Bila Kuikata: Nasaha kwa Wanaume Ambao Hawajafika Uzeeni

Mwanamume wa miaka 48 au 52 aambiwapo na tabibu kuwa imeonekana saratani katika tezi dume yake, na kisha, kabla hajazikusanya akili zake, akaambiwa kuwa shauri jema kwa hali yake si kisu wala mionzi bali ni kuiangalia kwa miaka kadhaa, aghalabu hupitiwa na dhana mojawapo kati ya mbili: ama tabibu amekwisha kumkatia tamaa na anamficha, ama tabibu hajui wajibu wake. Dhana zote mbili hazina msingi, walakini zina nguvu, na zimewapeleka wanaume wengi wenye maradhi mepesi kwenye meza ya upasuaji ambako hawakuwa na haja ya kufika. Makala haya nayaandika kwa ajili ya mtu huyo, na kwa mkewe, na kwa kaka yake atakayeulizwa rai yake kwa simu usiku huo huo. Na ninalotaka kulithibitisha ni kwamba umri mdogo, ambao wengi huutoa kuwa hoja ya kukata upesi, kwa mwenye saratani ya hatari ndogo ni hoja ya kuangalia, kwa sharti moja zito, nalo ni kuwa uangalizi wenyewe uwe amali inayotendwa kwa tarehe na kwa vipimo, wala usiwe sitara ya kupuuza.

Saratani ya tezi dume haina sura moja. Iko ile ambayo huanza kimya, ikatoka katika ganda la tezi, ikaingia katika mifupa ya nyonga na uti wa mgongo. Hiyo ndiyo waijuayo watu wa nchi zetu, kwa kuwa wengi wa wagonjwa wetu hufika hospitali mkojo umekwisha kuziba au maumivu ya mgongo hayawaachi kulala. Na iko nyingine ambayo mtu huishi nayo miaka thelathini, akafa kwa jambo jingine kabisa, asijue hata siku moja kuwa alikuwa nayo. Wachunguzi wa Detroit, Marekani, waliokagua tezi za wanaume waliofariki kwa sababu nyingine kabla ya kutimiza miaka 50, walieleza mwaka 1993 kuwa chembe za saratani zilionekana katika kiasi cha robo ya wale wa miaka ya thelathini, na theluthi ya wale wa miaka ya arobaini. Laiti chembe hizo zote zingekuwa za kuua, mauti ya wanaume kwa maradhi haya yangekuwa mengi mara nyingi kuliko yalivyo.

Mizani ya kutenga aina moja na nyingine tumeachiwa na mtaalamu wa Minneapolis, Donald Gleason, ambaye mwaka 1966 alitangaza namna ya kuzipima chembe kwa sura zake chini ya hadubini. Mtazamaji huangalia sura mbili zilizotawala katika kipande cha nyama kilichochukuliwa, akaipa kila moja namba yake, akazijumlisha; na kwa kaida ya leo jumla ya chini kabisa itolewayo ni 6, yaani 3 na 3. Kwa kuwa mgonjwa aambiwaye 6 katika 10 hudhani amekwisha kuvuka nusu ya njia ya mauti, wataalamu walikubaliana mwaka 2014 kupanga makundi ya daraja kuanzia 1 hadi 5, na hiyo 6 ikawa kundi la 1, lililo chini kuliko yote. Basi mwenye hatari ndogo ni yule ambaye alama yake ni 6, PSA yake, yaani protini ya tezi dume ipimwayo katika damu, haijafika 10, na kidole cha tabibu hakikuhisi kitu katika tezi, au kimehisi uvimbe mdogo usiozidi nusu ya upande mmoja.

Mtu akitaka kujua saratani hiyo ya alama 6 ina tabia gani, na azingatie hesabu iliyotolewa Marekani mwaka 2012, pale wataalamu walipopitia tezi zaidi ya 14,000 zilizokatwa zikaonekana kuwa na alama isiyozidi 6, wakatafuta ni ngapi zilizokuwa zimepeleka chembe katika matezi ya limfu. Zilidaiwa 22, na zile walizoweza kuzikagua upya katika hizo, zote zilionekana kuwa na chembe za daraja la juu zilizokuwa zimepitwa na jicho la kwanza. Kwa hiyo hatari ya mwenye alama 6 haimo katika kile kilichoonekana, bali imo katika kile ambacho huenda hakikuonekana. Sindano ya biopsi huchukua nyuzi kumi na mbili hivi za nyama, nyembamba mno, kutoka katika tezi nzima. Yaweza kupita kando ya chembe mbaya ikaleta habari za zile njema peke yake. Msomaji akilishika jambo hili moja, mengine yote ya uangalizi yatamwelea, kwani karibu kila kipimo atakachoagizwa kina muradi mmoja, nao ni kupekua kilichojificha.

Tabibu Laurence Klotz wa hospitali ya Sunnybrook, Toronto, alianza mwaka 1995 kuwaandikisha wanaume waliokubali kuangaliwa tezi zao zikiwa mahali pake, zama ambazo kaida ya Amerika ya Kaskazini ilikuwa kumtibu karibu kila aliyeonekana na chembe. Mwaka 2015 yeye na wenzake walitoa hesabu ya wanaume 993: waliofariki kwa saratani hiyo walikuwa 15, na wengine 13 ilikuwa imewaenea mwilini, na kwa makadirio yao, karibu watu 64 katika kila 100 hukaa miaka 10 bila ya kuhitaji tiba, na 55 hukaa miaka 15. Tena miongoni mwa wale 993 walikuwamo watu wa hatari ya kati, ambao ndio waliokuwa karibu zaidi na kuenewa. Matokeo haya yanatia moyo, walakini kijana asiyapokee bila ya kuuliza swali lake, maana wengi wa wanaume wale walikuwa wamekwisha kupita miaka 65, na mtu wa miaka 70 hahitaji ulinzi wa miaka mingi kama ahitajivyo mtu wa miaka 47.

Swali hilo linapata nuru zaidi katika uchunguzi wa Uingereza uitwao ProtecT, ulioongozwa na Freddie Hamdy wa Oxford na wenzake, ambamo wanaume 1,643 wa umri wa miaka 50 hadi 69 walikubali kugawanywa kwa kura katika mafungu matatu: la uangalizi, la upasuaji na la mionzi. Taarifa ya mwaka 2023, iliyotazama muda wa miaka 15, ilieleza kuwa katika kila fungu, lenye watu 550 hivi, waliokufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa 17 kwa wale wa uangalizi, 12 kwa waliokatwa, na 16 kwa waliopigwa mionzi, tofauti ambayo ni ndogo mno isiweze kusemwa kuwa ni ya yakini. Lakini lipo na la pili, na muungwana halifichi: waliopata saratani ya kuenea walikuwa 9.4 katika kila 100 kwa wale wa uangalizi, na kiasi cha 5 tu katika mafungu mengine mawili.

Hapa ndipo penye mas'ala ya kijana. Mtu aliyebakiwa na miaka 35 ya kuishi hawezi kuitupa kando tofauti hiyo kwa kusema kuwa mauti yalikuwa sawa, maana saratani iliyoenea mwaka wa 12 yaweza kuua mwaka wa 20. Lakini na tutazame uangalizi ule ulikuwa wa namna gani: msingi wake ulikuwa PSA, haukuwa na biopsi za kurudiwa kwa mpango, wala haukuwa na picha ya MRI, ambayo wakati ule haikuwa desturi, na walioingia hawakuwa wote wa hatari ndogo, bali walikuwamo wenye alama 7 na zaidi. Uangalizi unaofaa kwa kijana leo ni mwingine, wenye macho mengi. Tafiti zilizowatenga wanaume wa chini ya miaka 60 walio katika uangalizi wa namna hiyo hazikuonyesha kuwa maradhi yao hupanda daraja upesi kuliko ya wakubwa wao. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba hesabu ile ya Uingereza haimwambii kijana akakatwe. Inamwambia asikubali uangalizi wa juu juu.

Na kwa nini asikatwe tu, yaishe? Kwa sababu hayaishi. Katika uchunguzi huo huo, wanaume 67 katika kila 100 walikuwa na nguvu za kutosha kwa tendo la ndoa kabla ya tiba. Miezi sita baadaye walibaki 12 kwa waliokatwa, 22 kwa waliopigwa mionzi, na 52 kwa walioangaliwa. Waliohitaji kuvaa pedi kwa ajili ya mkojo usiozuilika walikuwa 46 katika kila 100 miezi sita baada ya upasuaji, na miaka sita baadaye walikuwa bado 17, ilhali wa uangalizi walikuwa 8. Ni kweli kwamba mtu mwenye umri mdogo hupona vyema zaidi baada ya kisu kuliko mzee, na asiye na uadilifu katika hesabu atalisahau hili. Bali ni kweli pia kwamba kijana ndiye mwenye mengi ya kupoteza, kwa kuwa miaka itakayoguswa ni ile ya ndoa yake, ya kazi yake na ya safari zake. Fauka ya hayo, baada ya tezi kuondolewa pamoja na vifuko vya manii, hakuna tena manii yatokayo, na mtu hawezi kupata mtoto kwa njia ya kawaida. Nimeona jambo hili likisahauliwa mara nyingi katika mazungumzo ya hospitali, kana kwamba kila mwenye maradhi haya amekwisha kulea na kuozesha. Aliyeoa juzi, au atarajiaye kuoa, na alitamke wazi kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote, na aulize kuhusu kuhifadhiwa mbegu zake.

Msomaji wa Kiafrika ana swali lake mahsusi, kwa sababu amesikia, na ni kweli, kwamba wanaume wenye asili ya Afrika hupatwa na saratani hii zaidi na huuawa nayo zaidi. Je, uangalizi ni salama kwake? Mwaka 2020 ilitangazwa Marekani hesabu ya askari wastaafu 8,726 wenye saratani ya hatari ndogo walioangaliwa, na kati yao 2,280 walikuwa Wamarekani Weusi. Katika miaka 10 wanaume Weusi walionekana kupanda daraja na kupelekwa kwenye tiba kwa wingi zaidi kuliko Weupe. Lakini walioenewa mwilini, na waliokufa kwa saratani hiyo, hawakuonekana kuwa na hitilafu ya yakini baina ya jamii hizo mbili. Nionavyo mimi, maana yake kwa ndugu yetu wa Mombasa au Morogoro, kama ilivyo kwa aishiye Toronto au Birmingham, ni kuwa asifungiwe mlango wa uangalizi kwa sababu ya asili yake, bali auingie akijua kuwa huenda akatakiwa kutoka mapema, na kwamba kukosa miadi kwake ni jambo zito kuliko kwa mwingine.

Mwaka wa kwanza ndio mwaka wa kazi. Kwanza, vioo vya biopsi visomwe tena na mtaalamu wa pili wa patholojia, hususa aliyezoea tezi dume. Na mgonjwa akumbuke kuwa vioo hivyo, na vipande vya nta vilivyohifadhi nyama hiyo, huhifadhiwa maabara na vyaweza kuombwa vipelekwe kwingine, iwe ni hospitali ya Muhimbili, KCMC, Kenyatta au ng'ambo. Aombe na nakala ya taarifa yake, aiweke katika jalada lake mwenyewe nyumbani, kwa kuwa uangalizi wa miaka 20 utawapita matabibu wengi na hospitali zaidi ya moja. Pili, ifanywe MRI ya tezi, na kama imeonyesha mahali penye shaka, sindano ielekezwe hapo. Tatu, biopsi irudiwe ndani ya miezi 6 hadi 12 kuthibitisha ile ya kwanza, hususa ikiwa ile ilichukuliwa bila MRI. Na pale MRI isipopatikana, au gharama yake imemshinda mtu na bima haimsaidii, biopsi hii ndiyo inayobeba mzigo wote, wala haifai kuachwa.

Kuna hesabu ndogo ambayo kila mgonjwa aweza kuifanya kwa kalamu yake: PSA igawanywe kwa ujazo wa tezi uliopimwa kwa ultrasaundi au MRI. Mwenye PSA ya 6 na tezi ya mililita 60 anapata 0.10, na hiyo yatuliza moyo, maana tezi kubwa hutoa PSA nyingi hata ikiwa salama. Mwenye PSA hiyo hiyo na tezi ya mililita 25 anapata 0.24, na ipitapo 0.15 tabibu hutazama kwa hadhari zaidi.

Baada ya hapo kaida huwa nyepesi: PSA kila miezi sita, kipimo cha kidole mara moja kwa mwaka, na biopsi kurudiwa kila baada ya miaka miwili hadi mitano kwa kadiri ya hali ya mtu, au mapema zaidi MRI ikibadilika. Kupima PSA kila mwezi hakuongezi elimu, kunaongeza hofu. Namba hiyo hupanda kwa maambukizi ya njia ya mkojo, hupanda kidogo kwa kushiriki tendo la ndoa siku moja au mbili kabla, na kwa kupanda baiskeli mwendo mrefu. Ikipanda, kwanza irudiwe baada ya majuma machache, kwani kupanda kwa PSA peke yake ni sababu ya kutazama tena, si sababu ya kukata. Na jambo ambalo silisemi kwa kupita: dawa za finasteride na dutasteride, wapewazo wenye tezi iliyotanuka, hushusha PSA kufikia nusu. Mtu anayezitumia bila tabibu kujua ataonekana na 4 ilhali yake ya kweli ni 8. Ataje kila dawa anywayo, na za mitishamba nazo, hata ile aliyouziwa sokoni na mtu aliyemwapia kuwa haina madhara.

Biopsi huchukuliwa ama kwa kupitia njia ya haja kubwa, ama kwa ngozi iliyo mbele yake, na hii ya pili ina maambukizi machache zaidi. Damu katika mkojo kwa siku chache, na katika manii kwa majuma kadhaa, si jambo la kutisha, na mke aambiwe kabla. Homa na kutetemeka baada ya biopsi ni jambo jingine: aende hospitali saa hiyo hiyo, asingoje asubuhi.

Wako wasiofaa kuingia njia hii, au wafikirie mara mbili: mwenye jeni ya BRCA2 iliyoharibika, kwa sababu imeonekana kuwa saratani yake hupanda daraja kwa wingi, mwenye chembe zilizojaa karibu nyuzi zote za biopsi, na yule ambaye, kwa kazi ya baharini au ya machimbo ya mbali, anajua kwa yakini kuwa hatarudi kwenye miadi. Huyu wa mwisho hana haja ya kuona haya. Kutibiwa mapema kwa mtu asiyeweza kufuatiliwa ni busara.

Wale wengine wanapambana na moyo zaidi kuliko na mwili. Kuna mtu hulala vizuri miezi mitano, na wa sita, miadi ikikaribia, haongei na mtu nyumbani. Dawa yake kubwa niijuayo ni kutokuwa peke yake katika siri: mficha maradhi kilio humfichua, na mwanamke asiyeambiwa huona mabadiliko ya mumewe akayapa maana nyingine. Waende pamoja kuchukua majibu. Akionekana kushindwa kabisa kustahimili, hiyo pia ni sababu halali ya kuomba tiba, ilimradi aombe baada ya kufikiri na si katika juma la kwanza, kwa kuwa saratani ya daraja hili huwapa watu miezi ya kufikiri bila madhara.

Mintarafu ya chakula na vidonge, asidanganywe. Uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 2020 uliwahimiza wanaume walio katika uangalizi kula mboga nyingi kwa miaka miwili. Watu 478 waliingia, na maradhi hayakupungua mwendo. Vitamini E ilijaribiwa kwa wanaume zaidi ya 35,000, na walioinywa walipatwa na saratani ya tezi dume zaidi kuliko wasioinywa. Ale mboga kwa ajili ya moyo wake na sukari yake, atembee kila siku, aache sigara, kwa kuwa mtu mwenye saratani ya hatari ndogo yuko karibu zaidi na kufa kwa moyo kuliko kwa tezi.

Biopsi ikionyesha siku moja kuwa daraja limepanda, hajashindwa. Uangalizi umefanya kazi uliyowekewa, naye anaingia katika tiba akiwa bado katika wakati wa kuponyeka, akiwa na miaka kadhaa ya uzima mkononi ambayo kisu cha haraka kingemnyang'anya. Kabla ya siku hiyo, na hata isipofika kamwe, ana wajibu mmoja kwa nasaba yake: ndugu zake wa kiume na wanawe waambiwe, wazungumze na tabibu kuhusu PSA wafikapo miaka 40 au 45 bila kungoja dalili, na ikiwa katika ukoo wamekuwapo waliokufa kwa saratani ya matiti au ya mifuko ya mayai, aombe jeni zake zipimwe, na majibu yakionyesha BRCA2 iliyoharibika, binti zake waelezwe kabla hawajaolewa wakatawanyika, kwa sababu hatari hiyo ni yao pia na vipimo vyao vipo.